Wimbo wa Ujana Kinywani mwa Mtu Mzima: Tahakiki ya Kurudi Jukwaani kwa X-Ray Spex

Utangulizi

Tarehe 6 Septemba, 2008, katika jumba la Roundhouse mjini London, mwanamke mwenye umri wa miaka 51 alisimama mbele ya hadhira na kuimba nyimbo alizozitunga katika ujana wake, alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi. Jina lake la kuzaliwa ni Marianne Elliott-Said. Jina lake la usanii ni Poly Styrene. Bendi aliyoiongoza, X-Ray Spex, iliundwa mwaka 1976, ikatoa albamu moja tu katika kipindi chake cha kwanza, Germfree Adolescents (1978), kisha ikavunjika mwaka 1979. Iliwahi kukusanyika tena kwa muda mfupi katika miaka ya 1990. Hata hivyo, onyesho la 2008 ndilo lililozirejesha nyimbo za awali mbele ya umma kwa ukamilifu, na ndilo lililohifadhiwa katika diski na filamu zilizotolewa mwaka 2009.

Makala haya yanakusudia kulihakiki onyesho hilo kama tukio la kifasihi. Swali letu kuu ni hili: je, utungo wa uasi uliotungwa na kijana kwa ajili ya vijana wenzake hubaki kuwa utungo ule ule unapotendwa na mtunzi wake baada ya miaka 30? Na ikiwa umebadilika, mhakiki auhukumu kwa mizani ipi?

Huenda msomaji akauliza jarida la lugha za Kiafrika lina haja gani na kelele za magitaa ya Waingereza. Jibu jepesi lingekuwa kwamba baba yake Poly Styrene alikuwa Msomali, na kwa hiyo tunamzungumzia jamaa yetu. Jibu hilo hatulikubali. Msanii huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1957, akalelewa na mama Mwingereza katika mitaa ya Brixton, na hatuna haki ya kumdai kwa damu baada ya wengine kumlea. Sababu yetu ni nyingine, na imo katika kazi yetu ya kila siku. Sisi tunaokusanya fasihi simulizi huwaendea wazee na kuwaomba watuimbie nyimbo walizoziimba ujanani. Kila mara tufanyapo hivyo, tunaandaa onyesho la aina ile ile iliyofanyika Roundhouse, ila hatuliiti kwa jina hilo. Kwa sababu hiyo, linalosemwa juu ya X-Ray Spex linatuhusu sisi pia.

Mazingira ya nyimbo

Utungo hauwezi kueleweka pasipo mazingira yaliyouzaa. Mwaka 1976 serikali ya Uingereza ililazimika kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na watu zaidi ya milioni 1 walikuwa hawana kazi. Chama cha National Front kiliandamana mitaani kikidai weusi wafukuzwe nchini. Katika hali hiyo ndipo ulipozuka muziki wa panki. Nyimbo zake zilikuwa fupi, zenye mwendo wa kasi na mapigo machache ya gitaa, na falsafa yake ilikuwa kwamba mtu yeyote aweza kupanda jukwaani bila kusubiri kufundishwa wala kuruhusiwa.

Tarehe 3 Julai, 1976, siku aliyotimiza miaka 19, Marianne aliwaona Sex Pistols wakitumbuiza katika gati la Hastings. Kesho yake, tarehe 4 Julai, Ramones kutoka Marekani walipiga katika jumba lile lile la Roundhouse ambamo yeye angeimba miaka 32 baadaye. Kabla ya mwaka kwisha alikwisha kuwatafuta wenzake kwa tangazo la gazeti na kuunda bendi. Aliyepuliza saksafoni, Lora Logic, alikuwa bado msichana wa shule. Mpiga gitaa alijiita Jak Airport, na wa gitaa la besi alikuwa Paul Dean.

Tarehe 30 Aprili, 1978, bendi hii ilishiriki katika tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi katika bustani ya Victoria, London, mbele ya maelfu ya watu. Katika uwanja wa wavulana weupe, kiongozi wa bendi hii alikuwa msichana chotara aliyevaa vyuma vya kunyoosha meno na mavazi ya rangi kali, asiyetaka kuimba kwa sauti tamu. Hayo yenyewe yalikuwa ni kauli kabla hajatamka neno.

Jina, plastiki na kinaya

Uhakiki wa nyimbo hizi hauna budi kuanza na jina. Polistirini ni aina ya plastiki inayotengenezewa vikombe vya kutupwa na vifungashio vya bidhaa. Msichana aliyejipa jina hilo alijitangaza kuwa ni bidhaa: kitu cha bei rahisi, kinachotumika mara moja na kutupwa. Hapa pana kinaya cha hali ya juu. Waasi wengi wa panki walidai kusimama nje ya soko na kulitupia mawe. Yeye alisimama ndani ya soko, akajibandika bei kifuani, kisha akatuuliza tunacheka nini.

Kinaya hicho kinatawala albamu yote. Katika wimbo The Day the World Turned Day-Glo, msimulizi anapita katika nchi ambamo miti na upepo wenyewe vimefanywa kwa mazao ya viwandani. Mshairi wa kimaadili angelalamika. Msimulizi huyu anashangilia kana kwamba ameingia peponi, na ni katika kushangilia kwake ndimo tunamoliona janga. Fani inatenda kazi ambayo mahubiri yasingeiweza. Msikilizaji hupendezwa kwanza, na baadaye huona haya kwa kupendezwa kwake.

Wimbo wao wa kwanza kutolewa, Oh Bondage Up Yours! (1977), una muundo unaostahili kuchunguzwa. Unaanza kwa maneno ya kuzungumzwa, kwa sauti ndogo ya msichana mwenye adabu, yanayodokeza ile methali ya Kiingereza isemayo kwamba mtoto aonekane, asisikike. Ghafla sauti hiyo inapasuka na kuwa ukelele. Mpasuko huo ndio maudhui. Msichana hatuelezi kwamba amekataa kunyamaza. Tunasikia kukataa kwenyewe kukitokea. Minyororo inayotajwa humo ni ya mwanamke na pia ni ya mnunuzi, na mtunzi ameacha maana hizo mbili zifungwe pamoja makusudi.

Wimbo Identity (1978) unauliza mtu anajijuaje ikiwa kila kioo anachojitazamia kimetengenezwa na wauzaji wa sura: televisheni, magazeti na matangazo ya biashara. Kwa msichana mwenye mama mweupe na baba Msomali, katika nchi iliyokuwa ikimwuliza kila siku yeye ni nani, swali hili halikuwa la darasani.

Hoja ya usaliti

Tuje sasa kwenye kurudi. Wako wahakiki wanaoshikilia kwamba bendi ya panki inayoungana upya inajisaliti. Hoja yao si dhaifu. Panki ilijengwa juu ya wakati uliopo. Ilidharau kumbukumbu, iliwakejeli wanamuziki wa kizazi kilichotangulia waliozeeka jukwaani wakirudia nyimbo zile zile, na uzuri wake ulitokana na kutojua kesho itakuwaje. Mtu akiyarudia hayo kwa mpango, kwa tikiti zilizouzwa mapema, amebakiza nini?

Mfano wanaoupenda ni Sex Pistols. Bendi hiyo ilivunjika Januari 1978 baada ya onyesho la San Francisco, na mmoja wao, Sid Vicious, akafa mwaka 1979 akiwa na miaka 21. Mwaka 1996 waliosalia waliungana upya pamoja na Glen Matlock, mpiga besi wao wa kwanza, wakaiita ziara yao Filthy Lucre, yaani mapato ya aibu, msemo uliotoka katika Biblia ya Kiingereza. Walikiri waziwazi kwamba fedha ndiyo iliyowakutanisha. Wapo waliouona ukiri huo kuwa ndiyo panki halisi, kwa kuwa haukuficha kitu. Wapo walioona kwamba kukiri kosa hakulifuti kosa.

Mimi naona kwamba pande zote mbili zinashiriki dhana moja ambayo haijachunguzwa. Zote zinaamini kwamba utungo una siku yake moja ya kweli, nayo ni siku ya kwanza, na kila utendaji unaofuata ni nakala inayofifia. Dhana hiyo imeazimwa kutoka katika utamaduni wa maandishi, ambamo chapa ya kwanza hutunzwa makumbushoni. Katika fasihi simulizi haina mashiko. Wimbo unaotendwa hauna asili moja. Una matendeo, na kila tendeo lina fanani wake, hadhira yake na saa yake.

Hata hivyo, hatuna ruhusa ya kuitumia kanuni hiyo kufunika hasara iliyopo. Hasara ipo. Hadhira ya 1977 ilikuja bila kujua itakalosikia; hadhira ya 2008 ilikuja ikiwa imekwisha kuzihifadhi nyimbo moyoni. Ya kwanza ilishtushwa, ya pili ilikumbuka, na mshtuko hauwezi kukumbukwa na kubaki mshtuko. Ule mpasuko wa sauti niliousifu hapo juu hauwezi kumpasukia mtu anayeungojea. Aidha, katika wale waliounda bendi, Paul Dean alikuwapo, lakini Jak Airport alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2004. Na nyimbo zilizoikejeli bidhaa zilirekodiwa usiku ule na kuuzwa kama bidhaa mwaka uliofuata. Mhakiki asiyeyaona haya amelewa mapenzi.

Kilichoongezeka

Lakini mizani ina vitanga viwili. Kitanga cha pili kina uzito ambao wahakiki wa usaliti hawajaupima.

Kwanza, tuutazame Identity. Mwaka 1978, mwaka ule ule wa albamu, mtunzi alipatwa na maradhi ya akili, akalazwa hospitalini na kupewa jina la ugonjwa ambalo baadaye lilibainika kuwa si lake. Aliiacha bendi, akajiunga na waumini wa Hare Krishna, akawa mama, akaishi miaka mingi mbali na jukwaa. Alipoimba wimbo huo mwaka 2008, maneno hayakubadilika, lakini aina ya tamko ilibadilika. Ujanani lilikuwa swali. Utu uzimani lilikuwa ushahidi. Msichana aliuliza iwapo mtu aweza kupotea ndani ya vioo. Mtu mzima alikuwa amepotea humo na kurudi. Msikilizaji anayeyajua hayo hawezi kuusikia wimbo ule kama alivyousikia kwanza, na hakuna utendaji wa 1978 ambao ungeweza kumpa maana hiyo.

Pili, nyimbo za plastiki. Zilipotungwa zilikuwa ni njozi iliyotiwa chumvi. Kufikia 2008, ulimwengu uliokuwa kinaya ulikuwa umekuwa habari ya kawaida. Siku tisa baada ya onyesho, tarehe 15 Septemba, benki ya Lehman Brothers ilianguka huko Marekani, na dunia nzima ikaonyeshwa ni kiasi gani cha utajiri wake kilikuwa cha kubuni. Hatusemi kwamba Poly Styrene alitabiri. Mshairi si mpiga ramli. Tunasema kwamba uhusiano wa utungo na ulimwengu ulikuwa umegeuka. Tashtiti ilikuwa imekuwa maelezo, na kicheko cha hadhira, ikiwa ilicheka, kilikuwa cha kujitambua.

Tatu, Oh Bondage Up Yours! Hapa wahakiki wa usaliti wangetarajia kuwa na ushindi rahisi, kwani mwanamke wa miaka 51 hawezi tena kusema kwa niaba ya msichana aliyekatazwa kusikika. Lakini ni jamii gani inayomsikiliza mwanamke aliyevuka umri huo? Msichana huambiwa aonekane asisikike. Mwanamke aliyezeeka, hasa katika biashara ya muziki, huambiwa asionekane wala asisikike. Kwa hiyo tamko lile lilimpata adui mpya, pengine mkali kuliko wa kwanza, bila silabi moja kubadilishwa. Utungo ulikuwa na nafasi ndani yake ambayo mtunzi kijana hakuweza kuijua, na ambayo ni umri tu ungeweza kuijaza.

Kwa hoja hizi tatu nathubutu kusema kwamba onyesho la Roundhouse ni matini yenye tarehe yake yenyewe. Halikushindana na 1977, wala si sawa kulihukumu kwa kipimo cha 1977. Na kuhusu kuuzwa kwake, bendi iliyoongozwa na mwanamke aliyejiita plastiki haikuwahi kutuahidi kwamba itabaki nje ya soko. Usaliti huhitaji ahadi iliyotangulia. Sex Pistols walishtakiwa kwa kuwa walionekana kuahidi maangamizi. X-Ray Spex waliahidi tu kutuonyesha bei iliyobandikwa kwenye kila kitu, wao wenyewe wakiwamo, na ahadi hiyo waliitimiza mara zote mbili.

Funzo kwa watafiti wetu

Ninalotaka kulisema sasa linanigusa mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikikusanya nyimbo za kazi katika pwani ya kaskazini. Bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu alikubali kuniimbia wimbo waliouimba wasichana wakitwanga. Alipofika ubeti wa tatu alisita, akacheka, akaendelea kwa neno lingine. Nilipomwuliza, alinijibu, “Hilo la kwanza lilikuwa neno la wasichana, mwanangu. Mimi sasa nina wajukuu.” Nilimsihi aniambie neno la wasichana, naye akaninong’oneza kwa hisani yake. Katika daftari langu nilikata neno aliloliimba, nikaandika alilolinong’ona, kwa kuwa niliamini ndilo la asili. Kicheko chake sikukiandika popote.

Leo naliona kosa langu. Nililokusanya halikuwa wimbo wa wasichana, kwa sababu hapakuwa na msichana. Mbele yangu alikuwapo mtu mzima aliyekuwa akizungumza na ujana wake, akikubali baadhi na kukataa baadhi, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuwa fasihi. Mimi niliyatupa nikabaki na ganda.

Sidhani kwamba niko peke yangu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mnamo mwaka 1840, yalitufikia kwa kiasi kikubwa kupitia kumbukumbu za wazee walioulizwa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor miongo kadhaa baadaye, kabla ya kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940. Tunayasoma kana kwamba tunaisikia sauti ya Muyaka mwenyewe akiwahimiza Wamvita vitani. Tunachokisikia kwa kweli ni Mombasa ya baadaye, iliyokwisha kupoteza uhuru wake, ikiyakumbuka mashairi ya enzi ilipokuwa nao. Yapi yalikumbukwa na kwa nini? Yapi yalinyamaziwa? Neno lipi lilibadilishwa kwa kicheko? Maswali hayo hatuyaulizi, kwa kuwa tumeshughulika na kutafuta siku ya kwanza.

Napendekeza basi kwamba kila utungo simulizi tunaourekodi uandikiwe tarehe mbili: ile fanani anayosema aliujua, na ile aliyoutendea mbele yetu. Umri wake na utajwe. Mabadiliko anayoyafanya, masito yake na maelezo anayoyatoa yawekwe ndani ya matini badala ya kusukumwa pembezoni. Tena, anapokataa kuimba sehemu fulani, kukataa huko kuhesabiwe kuwa ni sehemu ya utungo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kurudi kwa X-Ray Spex mwaka 2008 kulikuwa na hasara na faida, na kwamba faida yake haiwezi kuonekana na mhakiki anayetazama nyuma tu. Mshtuko wa kwanza ulikuwa umekwenda na hautarudishwa. Mahali pake palikuja maana ambazo mtunzi wa miaka 20 asingeweza kuzibeba, kwa kuwa alikuwa hajalipia gharama zake.

Poly Styrene alifariki tarehe 25 Aprili, 2011, kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 53. Rekodi ya Roundhouse imebaki. Mwanafunzi atakayeisikiliza pamoja na albamu ya 1978 asiulize ni ipi iliyo ya kweli. Aulize kila moja ilijua nini ambacho nyingine haikukijua. Na sisi tunaobeba vinasa sauti kwenda vijijini tungefanya vyema kujiuliza swali hilo hilo kabla ya kukata neno la mzee kwa kalamu.